Barua ya wazi: Lipieni mhariri kabla ya kukodi hema la uzinduzi

Kwa Manaibu Chansela wa vyuo vikuu vya umma vya magharibi mwa Kenya na Nakuru. Kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Na kwa magavana wa Muungano wa Kiuchumi wa Kanda ya Ziwa.

KUHUSU: VITABU VYA WASOMI WALIO WA KWANZA KWAO KUFIKA CHUO KIKUU

Waheshimiwa,

Nawaandikia nyote katika karatasi moja kwa sababu nikimfuata kila mmoja wenu peke yake najua nitakakoelekezwa. Chuo kitaniambia pesa za utafiti ziko Nairobi. Mfuko utaniambia uchapishaji ni kazi ya chuo. Tume itaniambia yenyewe huweka viwango tu, haichapishi vitabu. Kaunti itaniambia elimu ya vyuo vikuu haikugatuliwa, na kwa mujibu wa Katiba itakuwa imesema kweli. Hakuna jibu la uongo hapo. Lakini yakijumlishwa yote manne, mswada unabaki kwenye kompyuta ya mwenyewe.

Mimi ni mhariri wa kujitegemea, makao yangu Kisumu. Nilianzia kazi hii kwa wachapishaji wa Nairobi, nikahariri vitabu vya shule kwa miaka, kisha nikarudi nyumbani. Siku hizi wateja wangu wengi ni wahadhiri wa kutoka Maseno, Kakamega, Bondo, Bungoma na Kisii, wachache hata Njoro. Wanakuja na tasnifu kwenye flashi na swali moja: hii itakuwaje kitabu? Wakisikia bei ya kazi yenyewe, wengi hushukuru kwa adabu na siwaoni tena. Siwalaumu. Nimeamua kuacha kuwahesabia wao gharama, niwahesabie nyinyi.

Ninaowazungumzia ni wale ambao kwao hakuna mtu aliyevaa joho kabla yao. Baba alikuwa na miwa Mumias, au mama anauza mitumba soko la Kibuye, au nyumba nzima ilitegemea nyavu pale Usenge. Barua ya kujiunga na chuo ilipofika, kijiji kilichanga. Kilichopungua kikabebwa na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Wakasoma hadi uzamifu, na siku ya mahafali matatu nzima ilikodiwa ikatoka kijijini ikiimba. Tangu siku hiyo wanaitwa Daktari, na ninao wawili miongoni mwa wateja wangu walioombwa na majirani kumtazama ng'ombe anayeharisha. Kijiji kinaamini safari imefika mwisho. Wao wenyewe huamini hivyo pia, mpaka siku wanapokaa mbele ya jopo la kupandishwa cheo na kuulizwa machapisho yao.

Kanuni za Tume za mwaka 2014 ndizo zilizowasukuma wahadhiri wengi kutafuta uzamifu, na ndizo zilizomtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayohakikiwa kabla ya kufuzu. Sina ugomvi nazo. Makala zinaandikwa na tasnifu zinaongezeka. Kitabu ndicho kisichoonekana, na hasa kitabu cha mtu wa huku kuhusu mambo ya huku.

Mtoto wa profesa naye hupata taabu ya kuandika, tusidanganyane. Ila yeye ana mtu wa kumuuliza wakiwa mezani wanakula. Anajua, bila hata kukumbuka alijulia wapi, kwamba mchapishaji wa kitaaluma hatumiwi tasnifu nzima. Anatumiwa pendekezo la kurasa chache: kitabu kinahusu nini, nani atakisoma, kinaachana wapi na vilivyotangulia, sura zake ni zipi, na sura moja au mbili za mfano. Anajua kwamba unaweza kumwandikia mhariri wa shirika la uchapishaji kabla hujamaliza kuandika, tena unaweza kumsimamisha kongamanoni wakati wa chai ukamweleza wazo lako. Anajua kwamba mswada hupelekwa kwa wahakiki wawili ambao mwandishi hatajiwi majina yao, kwamba ripoti zao mara nyingi huuma, na kwamba ripoti inayouma kwa kurasa tano za maelezo ni habari njema, maana mtu hapotezi siku zake mbili kuandikia kitu asichokitaka.

Mteja wangu mmoja alipata ripoti ya namna hiyo kutoka kwa mchapishaji wa ng'ambo. Aliisoma mara moja, akaifunga barua pepe, hakuifungua tena kwa mwaka mzima. Aliponionyesha, nilikuta ameitwa arekebishe na kurudisha. Alidhani amefukuzwa. Hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia kwamba kinachofuata ni kuandika jibu la hoja kwa hoja, ukikubali hapa, ukibisha pale kwa heshima, na kwamba wahakiki wenyewe hutarajia kubishiwa. Msimamizi wake alikuwa amestaafu. Wenzake idarani hawakuwa wamewahi kupitia njia hiyo. Nyumbani wangemwambia nini?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walidhani anayeuliza anajua kuna jambo la kuulizwa.

Sasa niseme kuhusu tasnifu yenyewe, maana hapa ndipo pesa zenu zingefanya kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Tasnifu nyingi za sayansi za jamii na elimu zinazofika kwangu zina sura tano zilezile: utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu za utafiti, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Mpangilio huo una kazi yake. Unawathibitishia wasimamizi na watahini kwamba mtu amesoma alichopaswa kusoma na hakuokota matokeo hewani. Umeandikwa kwa ajili ya watu watano au sita, na wote wamelazimika kuusoma. Msomaji wa kitabu hajalazimishwa na yeyote. Akikutana na kurasa arobaini za nani alisema nini mwaka gani, anakirudisha kitabu rafuni.

Mwaka juzi nilishika mswada wa mama mmoja aliyetafiti wanawake wanaoanika na kuuza omena, wale dagaa wadogo, kwenye fuo za Ziwa Victoria: wanavyokopeshana, wanavyopanga bei kabla boti hazijatia nanga, wanavyogawana hasara mvua ikinyeshea samaki walioanikwa. Sura ya nne ilikuwa majedwali na asilimia. Kila jedwali lilifuatiwa na aya inayorudia kwa maneno yaleyale yaliyo kwenye jedwali. Nilichoka. Kisha nikafika viambatisho, na kule nyuma kabisa, baada ya kibali cha utafiti na ramani ya eneo, nikakuta mahojiano. Kurasa sitini na zaidi. Wanawake wanazungumza, wanatukanana kwa mizaha, wanaeleza hesabu ambazo benki yoyote ingepaswa kuzisikia. Kitabu chote kilikuwa kule, kwenye sehemu ambayo watahini huipitisha kidole tu.

Kumsaidia mwandishi kuyatoa mahojiano yale nyuma na kuyafanya uti wa mgongo wa kitabu ni kazi ya miezi, wala haihusiani na kusahihisha tahajia. Ni kukaa na mwandishi na kumuuliza: hoja yako ni ipi, uiseme kwa sentensi mbili bila kumtaja mwananadharia yeyote? Ni kuikata sura ya pili mpaka ibaki kurasa sita zilizotawanywa mle zinakohitajika. Ni kuipeleka sura ya mbinu iwe dibaji fupi au kiambatisho. Ni kuzijenga sura upya kwa mada, kila moja ikiwa na jambo lake. Wachapishaji wakubwa wa nje wanategemea mwandishi afike akiwa ameshafanya haya. Hawana muda wa kumfanyia. Waandishi wao wengi wana ruzuku ya idara ya kumlipa mhariri, au wana kundi la wenzao linalosomeana miswada kila mwezi. Huku kwetu mtu anafanya peke yake usiku, baada ya kusahihisha karatasi mia tatu za mtihani.

Anapokwama ndipo wanapomfikia wale wengine. Tasnifu ikishapakiwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, haikawii kuingia barua pepe tamu kutoka kampuni ya ng'ambo. Wamevutiwa na utafiti wako. Watakuchapishia bila malipo. Kitabu kinatoka kweli, kina jalada linalong'aa, kina ISBN, kinauzwa mtandaoni kwa bei ambayo hata mwandishi mwenyewe hawezi kuimudu. Hakuna aliyekihariri, hakuna aliyekihakiki. Ni tasnifu ileile, makosa yaleyale ya uchapaji, sasa ina mmiliki mwingine. Wapo wanaoamini kwamba ISBN ni cheti cha ubora. Ni nambari tu. Hapa nchini hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Taifa kwa yeyote anayechapisha, hata kitabu cha mapishi. Siku ya jopo mwombaji anaambiwa kazi hiyo haihesabiki, na jopo lina haki. Lakini alipokuwa akitia sahihi, chuo kilikuwa wapi? Ni chuo kilichoipakia tasnifu yake bila kumuuliza kama angependa isubiri miaka miwili au mitatu akiiandika upya. Ombi langu la kwanza halina gharama yoyote, Waheshimiwa Manaibu Chansela: wekeni kisanduku cha kuchagua kusubiri huko kwenye fomu ya kukabidhi tasnifu, na mmweleze mwanafunzi maana yake kabla hajaondoka na joho.

Eneo hili si geni kwa vitabu vya aina hii. Profesa Bethwell Ogot, mwanahistoria aliyefariki Januari 2025, alizaliwa Gem mwaka 1929, akapitia Maseno na Makerere, akamaliza uzamifu wake Chuo Kikuu cha London mwaka 1965 kwa kutumia masimulizi ya wazee, wakati ambapo wanahistoria wengi wa Ulaya hawakuyaona masimulizi kuwa ushahidi. Miaka miwili baadaye, 1967, utafiti huo ulikuwa tayari ni kitabu, History of the Southern Luo. Miaka miwili! Aliyekitoa hakuwa mchapishaji wa London. Ilikuwa ni East African Publishing House ya Nairobi, iliyoanzishwa 1965, na Ogot mwenyewe alikuwa mmoja wa walioiasisi. Wasomi wa kizazi kile walielewa kwamba ukitaka vitabu vyako visomwe na kupimwa na watu wanaojua unachokisema, lazima pawe na nyumba ya kuvitoa karibu nawe, yenye wahariri ndani yake. Nyumba ile ilikufa miaka ya 1980. Uzeeni Ogot akawa anatoa vitabu kwa jina la Anyange Press hapahapa Kisumu. Nakipenda kisa hicho na kinanitia uchungu pia, maana mwanahistoria mkubwa kuliko wote tuliopata kuwa nao alilazimika kuwa mchapishaji wake mwenyewe, na hakuna chuo kilichoichukua kazi hiyo kuiendeleza kama urithi.

Mtaniambia vyuo vina mashirika yao ya uchapishaji. Baadhi vinayo na baadhi yanafanya kazi nzuri. Nimeona vitabu vya heshima vikitoka Eldoret, Njoro na Kabarak. Mengine nimeyatembelea. Nimekuta mashine nzuri ya kuchapa, fundi hodari wa kubandika majalada, na ratiba iliyojaa vijitabu vya mtihani, kalenda na ratiba za mahafali. Nikauliza mhariri ni nani. Nikaonyeshwa afisa ambaye kazi yake ya kuajiriwa ni nyingine kabisa. Bila mhariri, hicho ni kiwanda cha karatasi, na mtoto wa mkulima atakayepeleka mswada pale atachapiwa ulivyo, na makosa yake yote, kwa gharama yake.

Ninachopendekeza ni nyumba moja ya vitabu vya kitaaluma kwa ukanda mzima. Maseno, Masinde Muliro, Jaramogi Oginga Odinga ya Bondo, Kibabii, Kisii na Rongo ziko ndani ya saa chache za matatu kutoka Kisumu. Egerton na Moi zikitaka kuingia, barabara ipo. Kila chuo kitoe mshahara wa nafasi moja tu. Kwa hizo mtaajiri wahariri watatu waliosomea kazi hiyo, mtu mmoja wa kusimamia uhakiki ili mswada wa Bondo usihakikiwe na rafiki wa mwandishi pale Bondo, na mtu wa mauzo. Kaunti zitoe ofisi na maktaba zao ziwe wanunuzi wa kwanza. Mashine ya kuchapa msinunue, nawaomba sana. Ndiyo inayomeza pesa zote halafu inakosa kipuri. Vitabu vichapwe kwa oda, na kwa soko la nje pana African Books Collective iliyoko Oxford, iliyoanzishwa 1985 na inayomilikiwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe. Inauza vitabu vya wachapishaji wa bara hili duniani kote bila mtu kubeba katoni hadi bandarini.

Na ndani ya nyumba hiyo pawe na dawati la wasomi wa kwanza kwao. Jambo hili si la kubuni. Huko Marekani University of California Press ina mpango wake wa namna hiyo, unaitwa FirstGen, na kule wanazungumza juu ya watu ambao angalau shule zao zilikuwa na maktaba. Dawati letu lifanye mambo manyonge kabisa: warsha ya kuandika pendekezo, kusomeana sura kila mwezi, mtu wa kumpigia simu mkataba ukija kabla ya kuutia sahihi, mtu wa kukufungulia ile barua pepe ya wahakiki na kuisoma pamoja nawe.

Kuna atakayeuliza kwa nini hawa wapewe dawati lao, wakati kila mhadhiri ana shida. Dawati likiwepo yeyote atalitumia, sitamfukuza mtu mlangoni. Lakini likiitwa la wote bila kutaja walengwa, najua litajazwa na wale wanaojua tayari pa kubisha hodi. Nimeona warsha za namna hiyo. Wanaonufaika ni wale ambao hawakuwa na haja kubwa nazo.

Kuhusu pesa, nianze na Mfuko. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ndiyo iliyouunda, na inasema serikali itenge asilimia 2 ya pato la taifa. Kilichotengwa hakijawahi kukaribia hapo, na mimi si Waziri wa Fedha, kwa hiyo naomba kidogo: katika ruzuku hizohizo mnazozitoa, ruhusuni mstari wa bajeti wa kitabu. Ruzuku za utafiti nilizowahi kuziona hulipia mafuta ya gari, wasaidizi wa kukusanya data na posho za kikao cha kutoa matokeo hotelini, halafu huishia kwenye ripoti. Ongezeni uhariri wa muundo, uhariri wa lugha, ramani, faharasa, na ruhusa za picha, maana picha za enzi ya ukoloni zilizoko makavazi ya Uingereza hulipiwa. Faharasa hasa. Mikataba mingi humwachia mwandishi aitengeneze mwenyewe au amlipe mtu, na habari hiyo humfikia kitabu kikiwa tayari kimepangwa kurasa, amebakiziwa majuma machache.

Mwandishi akitaka kitabu chake kisomwe bure mtandaoni kupitia mashirika makubwa ya nje, ataombwa ada inayokaribia pauni 10,000. Asipolipa, kitauzwa kwa bei ya zaidi ya shilingi elfu kumi nakala moja, na wale wanawake wa omena, pamoja na maktaba ya chuo alikosomea, hawatakiona. Kwa pesa hizo za ada ya kitabu kimoja, hapa Kisumu naweza kuwahariria vitabu kadhaa, kwa malipo ya haki na bila kuwapunja. Hapo natetea biashara yangu, sikatai. Hesabu lakini ndiyo hiyo.

Na kuna pesa ambazo mnazo na mnazitumia vibaya. Nimehudhuria uzinduzi wa vitabu vingi. Kuna hema, vipaza sauti, wageni wa heshima, chakula, fulana zenye picha ya jalada. Mgeni rasmi huinua kitabu juu wapiga picha wapate picha. Nikifika nyumbani nakifungua, nakuta kosa ukurasa wa kwanza. Gharama ya siku ile moja ingemlipa mhariri mpaka mwisho wa kazi, lakini hakuna anayepigwa picha akimlipa mhariri.

Muda ni tatizo ambalo silijui kwa ndani kama wao, kwa hiyo nasema ninachokiona. Mhadhiri wa kwanza kwao ndiye benki ya ukoo. Analipia wadogo zake karo, analipa mkopo wa HELB, anajenga nyumba ya wazazi, matanga yote yanamngoja. Kwa hiyo anachukua masomo ya ziada vyuo viwili vitatu, Jumatano yuko Kakamega, Alhamisi Bungoma, Jumamosi kuna wanafunzi wa masomo ya jioni mjini. Malipo ya kazi hizo za muda huchelewa kwa miezi. Mwaka 2025 wahadhiri waligoma siku 49 wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, na mihula ilipofidiwa ilifidiwa kwa mwendo wa kukimbizana. Akina mama wana zamu nyingine nyumbani juu ya hiyo. Ninachoomba ni muhula mmoja bila kufundisha kwa kila mwandishi ambaye mchapishaji anayehakiki vitabu ameshamrudishia ripoti na kumtaka arekebishe. Muhula mmoja tu. Siombi mwaka mzima wa likizo ya utafiti, naijua hali ya vyuo.

Kwa Tume nina maneno mafupi. Kila mhadhiri anapiga hesabu yake ya kupanda cheo: makala moja miezi kadhaa, kitabu miaka mitatu hadi minne. Akiwa na watoto wa watu wa kulipia karo, atachagua makala kila siku, na makala hizo anaziandika na wenzake watano ili zitoke haraka. Kipimeni kitabu kilichohakikiwa kwa uzito wa kazi iliyomo. Toeni pia, kila mwaka na hadharani, orodha ya wachapishaji ambao kazi zao majopo hayatazihesabu, ili mtu aijue kabla ya kutia sahihi. Na mseme waziwazi kwamba kitabu cha Kiswahili kilichohakikiwa ni sawa na cha Kiingereza. Idara za Kiswahili za Maseno, Moi, Egerton, Kibabii na Masinde Muliro zina watu wanaoandika tasnifu nzima kwa Kiswahili, na mashirika mengi ya nje hayana hata mtu wa kuufungua mswada wao. Mhadhiri mmoja wa fasihi alinieleza kwamba anafikiria kukitafsiri kitabu chake kwenda Kiingereza ili apande cheo cha kufundishia Kiswahili. Tulicheka wote wawili, ila hakuwa anatania.

Ushuru nautaja tu: tangu sheria ya VAT ya 2013, kitabu kinatozwa asilimia 16. Wachapishaji wameupigia kelele kwa zaidi ya muongo. Magavana wanaokutana na Rais mara kwa mara wanaweza kuusema.

Niongeze jambo ambalo wateja wangu hawatalipenda. Si kila tasnifu ni kitabu. Nyingine ni makala mbili nzuri, ziishie hapo. Nyingine ni zoezi la kujifunza utafiti, limefaulu, liwekwe maktabani kwa heshima. Nyumba ninayoipendekeza lazima iwe na ujasiri wa kumwambia Daktari hivyo mapema, ana kwa ana, tena wakiwa wamekaa. Ikianza kuchapa kila kinacholetwa kwa sababu chuo fulani kimechangia mshahara, itakuwa imeungana na wale wa barua pepe tamu.

Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa mabungeni kufikia 30 Aprili, na vyuo navyo hufunga hesabu zao kwa mwaka uleule wa fedha. Kwa hiyo kikao kifanyike kabla ya hapo. Maseno ni mahali pazuri pa kukutana, kila upande unafika kwa asubuhi moja. Njooni na maafisa wenu wa fedha, si wa itifaki. Mimi nitaleta miswada mitatu ambayo wenyewe wameniruhusu kuionyesha, pamoja na bei ya kila hatua ya kuifikisha dukani, na mmoja kati ya hiyo ni ule wa omena. Nitautuma wiki moja kabla. Anzeni kusoma kutoka nyuma, kwenye viambatisho.

Wenu,

Mhariri wa kujitegemea,
Kisumu